Nightingale na Safu Zinazotangulia Data

Msimu wa tasnifu uwadiapo, wanafunzi hutujia wamekumbatia hojaji zilizojazwa, wakitaka kuziingiza kwenye kompyuta papo hapo. Huwauliza kwanza: kila kigeu umekipa jina gani? Ni cha idadi ama cha makundi? Moja ni mwanamke au mwanamume? Na asiyejibu ataandikwaje, asije akadhaniwa kuwa amejibu sufuri? Wengi huona huo ni usumbufu wa mhadhiri tu. Laiti wangalimjua vyema Florence Nightingale, ambaye shuleni tulifunzwa habari za taa yake peke yake!

Alizaliwa mwaka wa 1820 katika mji wa Florence, Italia, ambao ndio uliompa jina. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali. Hisabati aliipenda tangu ujanani. Novemba 1854 aliwasili Scutari, Uturuki, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa Vita vya Crimea. Alikuta uchafu, naam, lakini alikuta pia madaftari ya vifo yasiyoafikiana. Marehemu walikuwa wale wale. Hesabu zao mbalimbali.

Aliporejea Uingereza alishirikiana na mtaalamu wa takwimu, William Farr, akadhihirisha kwamba wengi wa askari waliokufa waliangamizwa na maradhi yaliyoweza kuzuilika, wala si risasi. Mchoro wake wa 1858 ungali unasifiwa. Mimi naona kazi iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi, ijapokuwa haipendezi macho.

Hospitali za London zilihesabu wagonjwa kila moja kwa desturi yake, hata majina ya maradhi yakihitilafiana. Nightingale akabuni fomu moja: waliokuwepo mwaka ulipoanza, walioingia, waliopona au kupata nafuu, walioondoka bila kupona, waliofariki, waliosalia mwaka ulipokwisha, na wastani wa siku za kulazwa, yote kwa jinsia, umri na orodha moja ya maradhi. Tazama busara yake: waliokuwepo ukiwajumlisha na walioingia, sharti walingane na walioondoka, waliofariki na waliosalia. Kosa hujifichua lenyewe.

Mwaka wa 1860 Kongamano la Kimataifa la Takwimu, lililokutana London, liliiunga mkono fomu hiyo. Hospitali kadhaa ziliijaribu, kisha zikaiacha, maana ilidai mengi mno. Sizilaumu sana, hata wanafunzi wangu huweka vigeu wasivyovihitaji.

Lililomuuma zaidi ni sensa ya 1861. Aliomba yaongezwe maswali kuhusu walio wagonjwa siku ya kuhesabiwa, na kuhusu hali ya nyumba wanamoishi watu, ili uhusiano wa makazi na afya upimwe. Bunge likakataa. Aliishi hadi Agosti 1910, akafariki akiwa na miaka 90. Uhusiano huo, kwa Waingereza wote waliohesabiwa mwaka ule, hakuna programu ya kompyuta iwezayo kuukokotoa leo, kwa kuwa safu zake hazikuwekwa.