Jerry Lawson: Mhandisi wa Katriji

Mtoto wa Kangemi au Kawangware aliyecheza gemu za televisheni katika miaka ya 1990 aliijua vyema katriji, kile kibweta cha plastiki kilichouzwa katika maduka ya Luthuli, katikati ya jiji la Nairobi. Ilipogoma, aliichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Jina la Mwamerika Mweusi aliyeongoza kazi ya kuifikisha madukani aghalabu hakulisikia.

Gerald Anderson Lawson alizaliwa New York tarehe 1 Desemba 1940. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Mama yake hakuchoka kumtafutia mwanawe shule bora. Angali kijana, Lawson alijiundia kituo cha redio nyumbani na kutengeneza televisheni za watu kwa malipo. Alipitia vyuo viwili bila kupata shahada.

Mwaka 1970 alijiunga na kampuni ya Fairchild huko California. Gemu za nyumbani za mwanzo zilifungiwa ndani ya mashine yenyewe. Aliyezichoka hakuwa na budi kununua mashine nyingine. Wazo la kuzitenga lilitoka katika kampuni ya Alpex, na ni haki kusema hivyo. Hata hivyo, kikundi cha Lawson ndicho kilicholigeuza wazo hilo kuwa kitu cha kushikwa na mtoto. Ugumu ulikuwa kwenye soketi. Chipu za kumbukumbu ya kusomwa tu zilizoea kutulia mahali pamoja, ilhali hizi zingechomekwa na kuchomolewa kila siku: meno ya soketi huchakaa, na umeme tuli wa mkononi huweza kuiua chipu. Serikali nayo ilidai mashine isivuruge mawimbi ya redio na televisheni.

Channel F ilitoka mwaka 1976. Mwaka uliofuata Atari ilileta mashine yake ya katriji, nayo ndiyo iliyolivuna soko. Hata kompyuta ya kubebwa ya TRS-80 Model 100, ya mwaka 1983, ilikuwa na soketi tumboni ya kupachika chipu ya programu.

Katika klabu mashuhuri ya wapenzi wa kompyuta ya Homebrew, Lawson alikuwa mmoja wa Weusi wawili tu. Mwaka 1980 alianzisha kampuni yake, Videosoft, nayo ikafifia soko la gemu lilipoporomoka. Baada ya hapo alisahauliwa kwa miaka mingi. Chama cha watunzi wa gemu kilimtunukia heshima mwezi Machi 2011, kisukari kikiwa kimekwisha kumwondolea nuru ya jicho moja na nguvu ya mguu mmoja. Alifariki tarehe 9 Aprili mwaka huohuo.