Raisi aliyebakia na jino moja

Ile noti ya dola 1, ambayo wauzaji wengi huku kwetu wanaikataaga, iko na sura ya George Washington. Angalieni kinywa: amekifunga kwa nguvu, midomo kama imevimba. Ni juu ya meno.

Washington alizaliwa Virginia mwaka wa 1732. Jino la kwanza walimungoa akiwa na miaka 24, na toka pale ufizi ulikuwa unavimba kila mara. Aliongoza vita vya uhuru wa Marekani akiendelea kupoteza meno. Tarehe 30 Aprili 1789, alipoapa kuwa raisi wa kwanza wa inchi ile, alikuwa amebakia na jino moja tu.

Wengi wanasema alivaa meno ya mbao. Hapana. Munganga wake, John Greenwood, alichonga jino la kiboko, akaweka ndani meno ya watu, akaacha na tundu ili lile jino moja lipite. Mwaka wa 1796, nalo likangolewa.

Meno ya watu yalitoka wapi? Mwaka wa 1784, kitabu cha hesabu cha shamba lake la Mount Vernon kiliandika kwamba watu weusi walilipwa kwa meno 9, kwa ajili ya dokta mumoja Mfaransa. Dokta huyo alikuwa anapanda meno ya watu katika ufizi wa matajiri. Majina ya wenye meno hayakuandikwa. Na mutumwa angemukatalia bwana wake namna gani? Tena meno ya kupandwa vile hayakudumu, na mengine yalileta magonjwa.

Mwaka wa 1798 meno ya Washington yakageuka meusi. Greenwood akamuelezea: ni divai. Ayatoe kisha kula, ayasafishe kwa burashi. Washington alikufa Desemba 1799.

Leo waganga wanapanda jino juu ya skurubu ya titani ndani ya mufupa wa taya. Hakuna anayengoa jino la mwenzake tena, lakini shauri la burashi halijazeeka. Uchafu, tumbaku, na sukari ya damu isiyotunzwa vinaharibu ufizi na mufupa. Ukiona damu, usaha, ao jino linatikisika, usingoje wala usilivute wewe mwenyewe. Nenda kwa munganga wa meno siku hiyohiyo, juu mufupa ukiisha kuliwa, haurudi kwa urahisi.