Sol Plaatje, Mhariri wa Watswana

Sol Plaatje, Mtswana wa Afrika ya Kusini, alizaliwa mwaka 1876. Alisoma shule ya misheni huko Pniel, akawa tarishi wa posta, kisha mkalimani wa mahakama mjini Mafikeng. Kazi hiyo ya heshima aliiacha, akawa mhariri wa gazeti la Koranta ea Becoana, ambalo halikuwa na fedha za kutosha.

Mwaka 1913 ilitungwa sheria iliyowakataza Waafrika kununua wala kukodi ardhi katika sehemu kubwa ya nchi yao. Plaatje, aliyekuwa katibu wa chama cha Waafrika, hakungoja kuletewa habari. Alipanda baiskeli, akawafuata njiani watu waliofukuzwa mashambani, nao walikuwa wakitangatanga pamoja na mifugo yao yenye njaa. Huko alipata habari za wazazi waliofiwa na mtoto safarini, wakamzika usiku kwa siri, maana hawakuwa na hata kipande cha ardhi cha kuchimba kaburi. Yote hayo aliyaandika.

Mwaka 1914 alikwenda London pamoja na wajumbe wengine kuiomba serikali ya Uingereza iitangue sheria hiyo, lakini ombi lao lilikataliwa. Wenzake waliporudi kwao yeye alibaki, na mwaka 1916 akatoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Baadaye alifasiri pia tamthilia za Shakespeare kwa Kitswana.

Plaatje alifariki mwaka 1932. Sheria ile ilifutwa mwaka 1991.