Mwenyeheri Anuarite Nengapeta na Neema ya Kila Siku

Katika jubilei hii tunamshukuru Mungu kwa mambo makubwa aliyotutendea: kwa mapadri na masista waliotutangulia, kwa makatekista waliokwenda kwa miguu toka kijiji hata kijiji, kwa watoto waliobatizwa na ndoa zilizobarikiwa. Lakini tukihesabu mambo makubwa peke yake, tutasahau mahali Mungu anapokutana nasi siku nyingi zaidi, ndiyo jikoni, shambani, kisimani na darasani. Kwa hiyo tumependa kuweka mbele ya waamini wa Shari, na mbele ya mapadri wageni wetu, maisha ya Mwenyeheri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Wengi wetu tunajua namna alivyokufa. Namna alivyoishi haisimuliwi sana, na kumbe kufa kwake kulitoka katika kuishi kwake.

Anuarite si mgeni kwetu. Mtu akitoka Bunia, akapita Komanda, Mambasa na Nia-Nia, ataingia katika nchi ya Wamba, kwao Wabudu. Jimbo la Wamba na jimbo letu la Bunia yalisimamishwa mwaka mmoja, 1959, na yote mawili ni ya provinsi moja ya Kanisa, ile ya Kisangani. Tunaweza kumwita dada yetu bila kujisifu.

Alizaliwa Wamba tarehe 29 mwezi wa 12, mwaka 1939, binti wa nne kati ya mabinti sita. Baba yake aliitwa Amisi na mama yake Isude. Alipewa jina la Nengapeta. Jina la Anuarite lilikuwa la dada yake mkubwa. Siku ya kuandikishwa masomoni sista mmoja alichanganya majina ya ndugu hao wawili, na tangu siku hiyo mtoto akalibeba jina lisilokuwa lake. Leo ndilo jina tunaloliita tunapomwomba atuombee. Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake.

Nyumba yao haikuwa nyumba ya raha. Baba yake alikuwa askari, akapelekwa mbali hata Palestina. Aliporudi hakuridhika, kwa kuwa mkewe alimzalia mabinti tu. Akamfukuza, akaoa mwanamke mwingine. Jambo hili tunalijua sana katika vijiji vyetu, na tunajua machozi yake. Anuarite aliumia, kwani alikuwa na moyo mwepesi wa kuumizwa. Hata hivyo hakumchukia baba yake, wala hakumfungia moyo mama wa kambo. Alimsamehe baba, akaendelea kumheshimu kama baba. Hapo ndipo tunapoona neema ya Mungu ikianza kazi yake, polepole, kama mbegu ya mahindi iliyo bado chini ya udongo.

Alipokuwa bado msichana aliwaona masista wa Jamaa Takatifu, akatamani kuwa kama wao. Mama yake hakukubali upesi. Basi siku moja motokari ilipokuwa ikiwachukua wasichana kwenda Bafwabaka kwenye nyumba ya masista, naye alipanda bila kuaga. Tarehe 5 mwezi wa 8, mwaka 1959, aliweka nadhiri zake za kwanza, akapokea jina la Marie-Clémentine. Wazazi wake walifurahi, wakatoa mbuzi wawili kwa masista. Baadaye mama alisumbuliwa na mahitaji ya nyumbani, akamtaka arudi kumsaidia. Ni vigumu mtoto kumkatalia mama yake mhitaji. Anuarite alibaki katika wito wake, na upendo wake kwa mama haukupungua.

Je, alifanya nini huko Bafwabaka? Hakuanzisha shirika, hakuandika kitabu, hakusafiri nchi za mbali. Alifundisha watoto wa masomo ya msingi. Alitunza sakristia. Alisaidia jikoni. Hizi ni kazi zisizokuwa na mwisho: ubao unafutwa na kesho unaandikwa tena, sufuria inaoshwa na jioni inachafuka tena, kitambaa cha altare kinafuliwa na siku ya Bwana kinatandikwa tena. Wale walioishi naye walishuhudia kwamba alizifanya kwa moyo, hakupenda uvivu, na alikuwa tayari kushika kazi ambayo wengine waliikimbia. Shabaha yake ilikuwa moja, kumpendeza Yesu na kuwatumikia wenzake. Hakuzaliwa mkamilifu: alikuwa mwepesi wa kulia, na aliogopa kuachwa peke yake. Udhaifu huo aliupeleka mbele ya Yesu katika sala, naye Yesu akamwimarisha siku kwa siku.

Mwaka 1964 maasi ya Simba yalienea mashariki mwa nchi. Tarehe 29 mwezi wa 11 Simba walifika Bafwabaka, wakawapandisha masista wote katika motokari kubwa, wakiwaambia kwamba wanawapeleka Wamba. Kumbe safari iliishia Isiro. Njiani walinyang'anywa rozari na misalaba yao. Usiku wa tarehe 30, kanali mmoja alitaka kumfanya Anuarite mke wake. Anuarite alikataa, na mama mkubwa wa masista alikataa pamoja naye. Masista walipewa wali na samaki wa kopo; Anuarite hakuweza kula. Akawaomba wenzake wamwombee.

Kisha kanali Olombe alijaribu kumwingiza yeye na Sista Jean-Baptiste Bokuma katika motokari kwa nguvu. Anuarite hakukubali. Akawapiga wote wawili kwa kitako cha bunduki, hata Sista Bokuma akavunjika mkono. Katikati ya mapigo hayo Anuarite alimwambia mpigaji kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analolifanya. Wakamchoma visu, na kanali akampiga risasi. Alikufa mnamo saa saba ya usiku, tarehe 1 mwezi wa 12, mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa katika shimo moja na watu wengine. Miezi ilipopita mwili wake ulitolewa, ukatambuliwa kwa sanamu ndogo ya Mama Maria iliyokuwa mfukoni mwake. Tarehe 15 mwezi wa 8, mwaka 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri huko Kinshasa, na siku hiyo naye alimsamehe muuaji kwa jina la Kanisa.

Msamaha ule wa Isiro, ulitoka wapi? Mtu hapati katika dakika moja ya mapigo yale asiyokuwa nayo miaka yote. Anuarite alijifunza kusamehe nyumbani kwa baba yake, akajizoeza katika jumuiya, penye maneno makali na kazi zilizoachwa. Usiku wa Isiro ulipofika, moyo ulikuwa umekwisha zoea.

Sisi watu wa Ituri tunalihitaji fundisho hili. Tangu vita vilivyowaka mwaka 1999 tumezika wengi, tumekimbia mara nyingi, na wako kati yetu wanaomwona jirani sokoni wakageuza uso. Amani hutafutwa na wakubwa katika mikutano, na tunaiombea mikutano hiyo. Lakini iko amani nyingine isiyoweza kuandikwa na mkubwa yeyote: yule anayempisha jirani kisimani, anayemgawia mwenzake sombe na unga, anayemsalimu mtoto wa nyumba aliyokosana nayo. Huyo anamzoeza moyo wake, kama Anuarite alivyouzoeza wake. Hapo Mungu yuko, na neema yake inatosha kwa siku ile.

Mwenyeheri Anuarite, dada yetu wa Wamba, utuombee sisi na watoto wetu, tuanze kusamehe leo katika mambo madogo.