Jason Sendwe: mbunge aliyetengwa na wapiga kura wake

Kila siku wakaaji wa Lubumbashi wanaenda ku Sendwe kutafuta matunzo. Lakini vijana wengi hawajue huyo mutu ambaye hospitali inabeba jina lake.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka wa 1917, kule Kabongo. Alisoma kwa Wamethodisti, kisha akajifunza kazi ya infirmier, kwa sababu wakati wa Wabelgiji Mukongomani hakukubaliwa kuwa daktari.

Baluba wengi walishuka toka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ku Union Minière na ku reli. Sendwe akawa mukubwa wa chama chao, Balubakat. Munamo 1959 chama hicho kiliingia mu Conakat ya Moïse Tshombe, lakini kikatoka mwaka uleule: Sendwe alitaka Kongo ibakie moja.

Mwezi wa tano 1960, eneo la uchaguzi la Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, lilimuchagua kuwa mbunge wa taifa. Mu bunge la jimbo, Conakat ilipata viti 25 kwa 60. Watu wa Sendwe wakakataa kuingia, ili hesabu ya wabunge isitimie. Ubelgiji ikabadilisha sheria, na Tshombe akapata uongozi wa jimbo.

Tarehe 11 Julai 1960, Tshombe akatangaza Katanga kuwa inchi ya peke yake. Lumumba alikuwa amemuweka Sendwe kuwa komisere wa serikali mu Katanga, lakini hakuweza kushika ile kazi. Mbunge wa Élisabethville alibakia Léopoldville. Kule kaskazini watu wakauana, na munamo 1961 makumi ya maelfu ya Baluba wakakimbilia mu kambi ya ONU, palepale mu muji uliomuchagua.

Mwaka ule Sendwe akawa naibu waziri mukuu mu serikali ya Adoula. Kujitenga kukaisha Januari 1963, na mwezi wa tisa akachaguliwa prezida wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, mu Albertville, leo Kalemie. Hakukaa hata mwaka: Juni 1964, waasi walipoteka muji, wakamuua.

Alitangulia kuwa muganga mbele ya kuwa mwanasiasa. Leo jina lake liko ku mulango wa hospitali, mu muji ambao hakuachiwa kuutumikia.