Dkt Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyechora ramani ya uvimbe wa watoto

WAKAZI wa Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha wanaishi katika nyanda za juu ambako saratani moja kali ya watoto huonekana kwa nadra mno. Lakini msafiri akishavuka milima ya Mau na kuteremka hadi Kisumu, mwendo wa saa chache kwa gari, huingia katika eneo ambalo ugonjwa huo unajulikana sana. Aliyeugundua mpaka huo usioonekana kwa macho ni marehemu Dkt Denis Burkitt, ambaye jina lake ndilo linalobebwa na ugonjwa wenyewe: limfoma ya Burkitt.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa wavulana na kupoteza jicho la kulia. Alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, lakini imani yake ya Kikristo ikamwelekeza kwenye udaktari, akahitimu mwaka wa 1935. Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa ukoo wake, kwani amu yake, Dkt Roland Burkitt, alikuwa tabibu mashuhuri jijini Nairobi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Denis mwenyewe alihudumu nchini Kenya kama daktari wa jeshi. Vita vilipokwisha aliomba kazi katika utawala wa kikoloni, na mwaka wa 1946 akatumwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alianza tabia iliyomtofautisha na wenzake. Aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha, na akatambua kwamba wengi walitoka mashariki mwa wilaya, ilhali wa magharibi walikuwa wachache. Baadaye ilibainika kuwa tofauti hiyo ililingana na kuenea kwa minyoo wasambazwao na mbu, ambao huharibu mishipa ya limfu na kuleta mabusha na matende. Burkitt akajifunza kuwa kuuliza mgonjwa anatoka wapi ni muhimu sawa na kumuuliza anaumwa wapi.

Limfu ni majimaji yanayochujwa kutoka damuni na kupita katikati ya chembe za mwili, kisha kurudishwa kwenye damu kupitia mishipa myembamba. Njiani hupita katika tezi, zile ambazo zikivimba huitwa mitoki, ambamo askari wa mwili hupambana na maradhi. Mishipa ikiziba au tezi zikiondolewa, majimaji hutuama na kiungo huvimba. Uvimbe wa aina hiyo, kama ule wa mkono wa mwanamke aliyepasuliwa saratani ya titi, unaweza kupunguzwa kwa ukandaji mwepesi unaoisukuma limfu kuelekea kwenye tezi zilizo nzima, pamoja na kufunga bendeji na kufanya mazoezi. Lakini uvimbe ambao ungempa Burkitt umaarufu haukuwa wa majimaji. Ulikuwa wa askari wenyewe wa mwili walioasi.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye dalili zile zile, na tumboni pia alikuwa na uvimbe. Akachambua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka wa 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza.

Kwa msaada mdogo wa fedha alituma maswali kwa hospitali nyingi barani. Kisha mnamo Oktoba 1961 yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson wakaondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford. Kwa majuma 10 walisafiri kilomita zipatazo 16,000 wakielekea kusini mwa Afrika, na wakazuru hospitali zaidi ya 50.

Ramani waliyorudi nayo ilistaajabisha. Karibu na ikweta, uvimbe ulitoweka katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka chini zaidi. Basi kizuizi hakikuwa mwinuko wenyewe bali baridi. Ugonjwa ulihitaji joto na mvua, yaani makazi ya mbu. Nakuru, mji ulio takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, uko upande salama wa mstari huo.

Mapema mwaka huo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti Anthony Epstein. Sampuli za uvimbe zikapelekwa Uingereza, na mwaka wa 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kirusi kipya. Leo inafahamika kwamba kirusi hicho, kikishirikiana na malaria ya mara kwa mara utotoni, huwaandalia njia askari wa mwili kugeuka saratani.

Mulago haikuwa na mashine za miale, hivyo Burkitt akajaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu, jambo lililowapa madaktari duniani matumaini kwamba saratani inaweza kushindwa kwa dawa.

Alirejea Uingereza katika miaka ya 1960, akasifika tena kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi, na akafariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Ramani yake haiwapi wazazi wa Nakuru ruhusa ya kuzembea. Familia huhama, na mtoto aliyelelewa Busia au Siaya hubeba historia yake hadi Bonde la Ufa. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyevimba taya au tumbo hapaswi kukandwa wala kuchuliwa nyumbani, bali kufikishwa hospitalini upesi, na daktari aelezwe mahali alikokulia.