Mtoto wa Chifu na Bonde la Mukuru

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniletea fomu ya kuomba ufadhili ili niitie sahihi. Penye nafasi ya makazi alikuwa ameandika Imara Daima. Nilijua fika kwamba anaishi Mukuru kwa Njenga, maadamu mimi husali naye katika jumuiya ndogo ndogo huko, ndani ya chumba cha mabati tunamoketi magoti yakigusana. Sikumkaripia. Nilimsimulia maisha ya mtu aliyerithishwa ukubwa akaukataa.

Maurice Michael Otunga alizaliwa Januari 1923 kijijini Chebukwa, Bungoma. Jina lake la nyumbani lilikuwa Simiyu, ambalo Wabukusu humpa mtoto aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mwenye wake wengi na sauti iliyosikika mbali. Kijana alibatizwa mwaka 1935. Mzee alitazamia kwamba mwanawe angekikalia kiti chake, lakini mwana akachagua seminari, na mwaka 1950 akapewa upadri mjini Roma.

Ajabu ni kwamba ukubwa alioukimbia ulimwandama. Aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1957, akawa Askofu wa kwanza wa Kisii mwaka 1960, Askofu Mkuu wa Nairobi mwaka 1971, na Kadinali wa kwanza Mkenya mwaka 1973. Mwaka 1978 alishiriki mara mbili katika uchaguzi wa Papa.

Ni katika zama zake ambapo maaskofu wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Mimi mwanaisimu nalipenda neno hilo. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa jamaa, jamii na Ijumaa. Yaani, watu kukusanyika. Maandiko yaliteremka kutoka mimbarini yakaingia vyumbani mwa watu. Huko Mukuru tunayasoma pamoja na habari za kodi, maji ya mitungi na mtoto anayekohoa. Oktoba 2021, matingatinga yalipobomoa makazi ya maelfu ya watu ili barabara ipite, mfano wa Msamaria Mwema haukuwa tena somo la kukariri. Jirani alikuwa amelala nje, juu ya vifusi.

Sitaki kumpaka Kadinali asali. Wapo waliomwona mpole kupita kiasi mbele ya watawala. Aidha, katika miaka ya 1990 alishiriki hadharani kuchoma kondomu na vijitabu kuhusu Ukimwi, na baadhi ya waliowazika ndugu zao hawajalisahau tendo hilo. Mtu mwema naye hupimwa kwa matendo yake, wala heshima tunayompa isitufumbe macho.

Hata hivyo, tuutazame mwisho wake. Alipostaafu mwaka 1997, hakujijengea kasri. Alihamia Nyumba ya Wazee, Nairobi, makao ya wakongwe maskini wanaotunzwa na masista, akaishi miongoni mwao hadi alipofariki tarehe 6 Septemba 2003. Kanisa sasa humwita Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo katika safari ya kutangazwa mtakatifu. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi habari za Kristo aliyejishusha. Nathubutu kusema kwamba mtoto huyu wa chifu aliifafanua barua hiyo bila kuandika kitabu.

Mwanafunzi wangu alisikiliza, kisha akaniuliza kama Kadinali angepata ufadhili kwa anwani ya Nyumba ya Wazee. Sikuwa na jibu, kwa kuwa najua jinsi tunavyozisoma fomu. Sisi walimu ndio tunaouliza mtoto anatoka wapi kabla ya kuuliza anajua nini. Aibu aliyoiandika pale, tulimfundisha sisi.

Mukuru kwa Kikikuyu ni bonde. Nabii Ezekieli naye alipelekwa bondeni, kwenye mifupa mikavu, na ni huko alikoona uhai ukirudi. Kijana aliichukua fomu yake akaondoka bila kuniambia angeandika nini. Nami niliitia sahihi kabla hajaijaza upya, ili ajue kwamba kwangu anwani zote mbili zina uzito mmoja.